Shahidi wa Neno Kobalti

Shituru, Likasi, tarehe 8 Februari 1970

Mulamu wangu Cyrille, mume wangu mudogo mwenye miguu ya korongo,

Jambo sana. Uko muzima huko Bulaya, ao baridi ilishakula na ile akili kidogo uliondoka nayo? Tangu Noeli hauandike. Mama yenu Henriette anasema labda umeoa mzungu. Minye nikamujibu, mama, mzungu gani atakubali muntu anayekoroma vile? Nilipoletwa hapa kama bibi ya kaka yako Augustin nilifikiri treni inapita ndani ya nyumba, kumbe ni mudogo wake amelala chumba cha pili.

Usikasirike. Mulamu asipomutukana mulamu wake, watu watauliza kuna vita gani kati yao. Nakutukana na weye unirudishie, maana Augustin anapenda sana. Nikimusomea matusi yako anacheka mpaka anashika mbavu.

Sasa ukweli. Kaka yako iko hospitali. Kile kifua kikuu alichougua akiwa kijana, kabla ya kuingia kazi, kimeamka tena. Amekonda, Cyrille. Nikimusongea bukari nikamuletea na samaki wa ziwa Tshangalele anakula tonge mbili, anasukuma sahani, anasema amalize mutoto. Philomène anamaliza, minye namaliza kinachobaki, na njo vile nazidi kunenepa yeye akipungua. Naogopa. Sikutaka kuandika hii, lakini naogopa sana.

Pale kitandani anawaza mambo ya ajabu. Juzi ananiambia: "Miaka yote hii nafanya kazi kwenye jumba la kobalti kiwandani, na sijui jina lenyewe limetoka wapi. Shaba wazee waliiita mukuba kabla ya mzungu yeyote kufika. Lakini kobalti? Andikia Cyrille. Anasoma madini, amuulize profesa wake."

Basi uliza. Na uandike kitu cha kuchekesha, nakuomba. Unitukane vizuri, kwa nguvu zote, nimusomee acheke.

Bibi yako asiyekutaka,
Émilienne


Lieji, Ubelgiji, tarehe 1 Machi 1970

Bibi yangu mwenye mdomo wa king'ora cha kiwanda, na wewe kaka Augustin unayesikiliza,

Kaka, muuguzi akuwekee mto mgongoni, maana habari ni ndefu. Nilipomwuliza Profesa wangu, mzee alifurahi kama mtu aliyeletewa bia. Ana visanduku vya maneno ukuta mzima.

Karne kadhaa zilizopita, huko Saxe katika nchi ya Wajerumani, wachimbaji walikuwa wakitafuta fedha. Wakakuta jiwe linang'aa. Wakashangilia, wakalipeleka motoni. Wapi! Badala ya fedha wakapata majivu yasiyofaa kitu na moshi wa sumu uliowaangusha. Wakasema, hii si kazi ya Mungu. Kuna kiumbe kifupi kinaishi ndani ya mwamba, kinaiba fedha na kuacha jiwe la uongo. Kiumbe chenyewe kinaitwa Kobold. Basi jiwe nalo wakaliita Kobalt, yaani walilitukana. Baadaye mjuzi mmoja wa Sweden akagundua kwamba ndani ya jiwe kuna madini ya pekee, na tusi likabaki kuwa jina. Mfaransa akalichukua akasema cobalt, Mwitaliano cobalto, Mrusi naye hivyo hivyo, kila mmoja akalilea bila kuuliza wazazi wake. Wengine wanadai asili ni Wagiriki, kobalos, tapeli mwenye vituko. Profesa akisikia hilo anarusha kofia kwa hasira.

Lakini subiri, kaka, utamu uko hapa. Kobold hakai mgodini tu. Anakaa hata majumbani, nyuma ya jiko! Mke wa nyumba anamwekea chakula kila jioni kwa siri. Akishiba, mke anapata raha. Akikosa, anamla bwana wa nyumba. Niliposoma hayo niligonga meza nikasema, eh, huyu si yuko Shituru! Unauliza kobalti imetoka wapi? Imetoka jikoni kwako! Chunguza sufuria za Émilienne. Kwa nini yeye anazidi kunenepa na wewe unakonda? Anamlisha yule mfupi wake, na nyama yenyewe ni wewe. Mimi nilijua tangu siku ya harusi. Mwanamke mzuri namna ile amependa nini kwenye sura kama yako, kama si kitoweo?

Pona upesi, umfukuze nyumbani pamoja na sufuria zake. Nitamwoa mimi, nina mifupa mitupu, hatapata kitu.

Mume wako halali,
Cyrille


Kambove, tarehe 12 Aprili 1970

Mudogo wangu Cyrille,

Keti kwanza. Augustin alituacha Jumatatu ya Pasaka. Padri alimupaka mafuta, alikwenda kwa amani. Minye kama mukubwa wenu nimebeba yote.

Unajua desturi yetu: aliye mbali, barua yake ya mwisho inasomwa kwenye kilio, na ni yeye mwenyewe amesimama pale anasema. Tulipofika saa ya neno lako nikauliza, barua ya Cyrille iko wapi? Émilienne mwenyewe aliitoa sandukuni akanipa mukononi. Nilisoma yote mbele ya jamaa na majirani, ile ya Wajerumani na ile ya jiko. Sikupunguza, sikuongeza.

Mama Henriette alianguka chini. Watu wote wakamutazama Émilienne, na kweli, Cyrille, ni munene. Kuna waliosema, ah, huo ni utani wa walamu. Nikawauliza: mutoto ambaye kampuni inamulipia universite, anayekaa na maprofesa, ataandika maneno ya vitabu kwa muchezo wakati kaka yake yuko kitandani?

Philomène nimemuchukua kwangu, ni damu yetu. Nyumba ya kambi ya kampuni ataingia mwanangu Jean, ameshaandikwa kazi. Jumapili ya kwanza ya mwezi wa saba tutaondoa kilio, na jamaa wataketi kukata neno juu ya yule mwanamuke.

Kwa upande wako usiwe na wasiwasi. Ile karatasi ya chama, ya mwenendo mwema, wanayotaka kila mwaka kwa ajili ya bourse yako, ile pesa ya masomo, unajua ni minye ninayeitafuta kwa wakubwa. Nitaitafuta tena. Weye soma tu, na ukae kimya.

Kaka yako,
Germain


Shituru, tarehe 20 Aprili 1970

Cyrille,

Leo sikuite mume. Sina nguvu.

Barua yako ilifika akiwa bado anasikia vizuri. Nilimusomea. Pale penye kitoweo alicheka mpaka machozi yakatoka, akakohoa, akasema, "Rudia." Nikarudia. Wagonjwa wa pembeni nao wakacheka. Akasema, "Huyu mutoto ni mujinga sana, nampenda." Nataka ujue hiyo, ni yako.

Njo maana kwenye kilio niliitoa bila kufikiri. Nilisema moyoni, wacha wasikie kitu alichocheka nacho. Germain alisoma polepole, kwa sauti ya kanisani. Mwanzoni nilikuwa natabasamu, mjinga minye, nikisubiri watu wacheke. Hakuna aliyecheka. Mama Henriette akanirukia akanishika nywele. Wakanikalisha chini, wakamwaga sufuria zangu nje, moja moja, wakichungulia ndani. Bibi ya Germain akambeba Philomène mgongoni huku mutoto analia "mama, mama", na minye nimeshikwa mikono.

Sikulaumu. Nilikuomba matusi, ukanipa.

Lakini sasa naomba ukurasa mumoja. Andika: nilikuwa namutania mulamu wangu, yeye mwenyewe aliniomba, kaka alikuwa anataka kucheka. Basi. Usitie Wajerumani ndani. Minye nikisema hawanisikie, lakini neno lako watalisikia, maana ni kwa neno lako wamenihukumu. Iwafikie mbele ya Jumapili ya kwanza ya mwezi wa saba. Kama haitafika, mutoto wangu nimemupoteza. Sina kitu kingine duniani, Cyrille. Ukurasa mumoja.

Émilienne


Lieji, tarehe 14 Juni 1970

Kwa jamaa wote waliokusanyika kuondoa kilio cha marehemu kaka yetu Augustin, kwa mkono wa kaka Germain,

Nalia pamoja nanyi. Nimeombwa nieleze maneno ya barua yangu ya mwezi wa tatu, nami natimiza wajibu huo kwa uangalifu unaompasa mtu wa elimu.

Ni kweli kwamba Kobold ameandikwa vitabuni. Ni kweli kwamba Wajerumani wengi, watu wenye akili zao, waliamini habari zake. Kama kiumbe wa namna hiyo anapatikana pia kwetu Likasi, mimi niko mbali, siwezi kuthibitisha wala siwezi kukanusha. Sehemu inayohusu jiko iliandikwa kwa mtindo wa mazoea ya kifamilia, na isomwe kwa mwanga huo.

Mengine naiachia hekima ya kaka Germain, ambaye ndiye baba yetu sasa.

Cyrille

(Émilienne, hiki kijikaratasi ni chako peke yako, nimekipitisha kwa watawa. Nimefanya nilivyoweza. Ile "mtindo wa mazoea ya kifamilia" nimeitia kwa ajili yako, mwenye akili ataelewa. Siwezi kugombana na Germain mwaka huu, nimebakiza mitihani mikubwa. Vumilia.)


Kando ya Tshangalele, tarehe 30 Agosti 1970

Cyrille,

Walisoma. Hiyo "mazoea" yako hakuna aliyeielewa, hata padri. "Siwezi kukanusha" ndiyo waliyoielewa, na Germain aliirudia ili walio nyuma wasikie.

Nilitoka Shituru na nguo niliyovaa. Jean alikuwa ameshaingiza kitanda chake. Majirani niliowazalisha watoto wao walifunga milango. Niko kwa shangazi yangu Bibiane, nakausha samaki. Wanunuzi wa Likasi wakijua ni minye niliyekausha hao samaki hawanunue, basi shangazi ananificha nyuma ya nyumba siku ya soko.

Uliogopa. Sawa, kila muntu anaogopa. Lakini ungenyamaza! Ungesema barua yangu ilipotea njiani! Weye ulikaa kitako, ukachukua kalamu, ukatafuta maneno mazuri ya kunizika nayo, halafu ukaniambia nivumilie. Mwoga mubaya weye. Augustin alikuuguza ndui, akakubeba mgongoni mwake.

Usiniandikie tena.

Émilienne


Lieji, tarehe 5 Desemba 1971

Mulamu wangu mpendwa Émilienne,

Najua ulinikataza. Lakini hasira haikai milele, na nina habari itakayokusaidia wewe na mimi.

Nimemaliza masomo. Profesa ameniweka kuwa msaidizi wake, na tunaandaa kitabu juu ya majina ya madini katika lugha za Ulaya. Sasa sikia ajabu! Kaka Germain ameniandikia kwamba pale Shituru wafanyakazi wote wanamjua Kobolo. Mtu akikonda wanasema, "Kobolo wa bibi yake amemshika." Wengine wakianza zamu wanatupa kipande cha bukari nyuma ya mashine. Na wake zao hawathubutu kunenepa.

Nilipomweleza Profesa alisimama wima. Unaelewa maana yake? Mataifa mawili yasiyojuana, yanachimba jiwe moja, yanaogopa kiumbe kimoja! Labda asili ya neno si Saxe wala Ugiriki, labda ni hofu ya kila mchimbaji popote alipo. Hakuna mtu Ulaya aliyewahi kuandika hilo.

Utasema ilitoka kwenye barua yangu. Nimelifikiria. Lakini maneno yale yasingeshika hivyo kama watu wasingekuwa na imani hiyo tayari. Mimi niliwakumbusha tu.

Tunachokosa ni shahidi, mtu mwenye imani hiyo kutoka kwa nyanya zake, si kutoka kitabuni. Wewe unafaa kuliko wote, kila mtu Likasi anajua jina lako. Andika kwa mkono wako kwamba ulipata habari za Kobolo kwa nyanya yako, na jinsi anavyolishwa jikoni. Weka sahihi.

Nami sitakuacha bure. Philomène atapokea komunyo ya kwanza Pasaka ijayo. Germain ananisikiliza sasa, mimi ndiye wa kumtafutia Jean nafasi huku. Nitamwandikia akuruhusu ukae na mtoto sikukuu nzima, umvalishe wewe mwenyewe gauni jeupe. Nakuahidi.

Cyrille


Kando ya Tshangalele, tarehe 16 Januari 1972

Cyrille,

Nilisoma barua yako nikaitupa jikoni kwa shangazi, kisha nikaiondoa kwa vidole kabla haijaungua yote. Kwa sababu ya gauni jeupe tu.

Hauna haya, weye. Nyanya yangu alikufa hajawahi kusikia Kobold ao Kobolo, alikuwa analima mihogo na kusali rozari. Unajua hiyo. Unajua vizuri kuliko muntu yeyote aliye hai.

Mwaka jana nilimuona Philomène sokoni Likasi. Nilijifunika kitambaa wasinitambue, nikasogea. Nilikuwa na karanga za kumupa. Alinitambua, Cyrille, mutoto anatambua. Akajificha nyuma ya bibi ya Germain akasema, "Usinile." Mutoto wangu niliyemunyonyesha. Nikaacha karanga chini nikaondoka, na nikiwa mbali nikageuka, nikaona bibi ya Germain anazikanyaga.

Nataka anivumilie siku mbili tu. Nimuogeshe, nimusuke, nimulishe kwa mkono wangu aone hakuna kinachotokea. Akishaona, hakuna atakayemudanganya tena. Kwa hiyo nimeandika unachotaka. Karatasi ya pili. Nimeandika uongo wote, na Mungu ananiona nikiuandika. Sasa nipe mutoto.

Émilienne

(karatasi ya pili)

Mimi Émilienne, mjane wa Augustin, aliyekuwa mfanyakazi wa jumba la kobalti Shituru, nasema hivi. Nyanya yangu mzaa mama alinionyesha Kobolo nikiwa msichana. Ni mufupi kama mutoto anayeanza kusimama. Anakaa nyuma ya jiko. Jioni jiko likizimika unamuwekea chakula kwenye sahani ya bwana, kile bwana alichobakiza. Anapenda bwana mwenye kucheka. Bwana akicheka sana, anasogea karibu apate kumusikia. Anamusikiliza vile mpaka siku bwana anashindwa kula, ndipo anakuja kuketi kitandani mwake. Nilimulisha. Nilijua. Nimeandika kwa mkono wangu, bila kulazimishwa.

Émilienne


Lieji, tarehe 24 Machi 1972

Mulamu wangu Émilienne,

Samahani kwa kuchelewa, tumekuwa na kazi nyingi. Ushahidi wako umetushinda kwa uzuri wake. Profesa alinitaka nimfasirie mara kadhaa, na pale penye bwana anayecheka alivua miwani. Anasema katika vitabu vyote vya Wajerumani hakuna mahali palipoandikwa wazi hivyo. Utakuwa ukurasa wa kwanza wa sura yetu.

Nakala nilimtumia kaka Germain, kwa heshima ya familia, nikamwomba ruhusa yako ya Pasaka kama nilivyoahidi. Amejibu upesi. Anasema aliisoma mbele ya jamaa wote, na Mama Henriette akamshukuru Mungu kwamba hatimaye umesema kweli. Kuhusu mtoto anauliza, ni baba gani atamkabidhi binti kwa mtu aliyeandika maneno hayo na kuweka sahihi? Philomène ataendelea na komunyo yake kwa bibi ya Germain. Nimewatumia kitambaa cha gauni.

Niseme na jambo lingine, maana sisi hatufichani. Nami nimeisoma karatasi yako mara nyingi. Najua ulisema ni uongo. Lakini ile ya kuketi kitandani, mtu anabunije kitu kama hicho? Na kaka alikonda kweli. Wewe mwenyewe uliniandikia habari ya sahani, kwamba ulikuwa unamaliza alichobakiza. Sisemi neno. Ila nimeanza kujiuliza kama barua yangu ya utani ilikuwa utani tu, au kama kuna kitu nilikuwa nimekiona nyumbani kwenu bila kujua.

Profesa anakusalimu, na ana swali moja. Hukutaja chakula chenyewe. Ulikuwa unampa bukari tupu, au na samaki? Jibu upesi, kitabu kinapelekwa kuchapwa mwezi wa tano.

Mulamu wako,
Cyrille